Bei ya kubadili oili ya gia boksi ya CVT, Uyole

Mkuu, laki tatu na nusu uliyoambiwa kubadili oili ya CVT (gia boksi otomatiki inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida) kwa Nissan X-Trail yako usiikatae wala usiikubali kwanza. Muulize fundi: lita ngapi, na oili gani? Hapo ndipo pesa yote ilipo, ufundi wenyewe ni kazi ndogo. X-Trail ya T31 (toleo la zamani) inataka oili ya CVT aina ya NS-2, T32 (toleo lililofuata) inataka NS-3. Akikuambia "ATF yoyote inafaa" (ATF ni oili ya gia boksi otomatiki za kawaida), ondoka na gari lako. Ule mkanda wa chuma ukianza kuteleza, utatafuta gia boksi nzima, na hiyo si hela ya mchezo.

Ukifungua nati ya chini inatoka karibu nusu tu. Nyingine inabaki ndani. Kwa hiyo lita nne za hiyo nusu ni bei moja, kusafisha yote ni bei nyingine kabisa. Mimi ningemwaga nusu sasa, nusu tena baadaye. Nunua oili mwenyewe, kopo lifunguliwe mbele yako, umlipe fundi ufundi na gasketi.

Kama unapanda milima ya Chunya au Kitonga na mzigo, oili inachemka sana. Badili kila kilomita 40,000.