Ufunguo mmoja kwa vyumba vyote vya ploti: unafanyaje kazi, na una gharama gani

Ndugu, umeuliza inawezekanaje mwenye ploti hapa Kisumu abaki na ufunguo mmoja unaofungua vyumba vyote 12, ilhali ufunguo wa mpangaji haufungui kwa jirani, na kama mpango huo ni salama. Nimefunga vitasa vya aina hiyo katika hosteli za wanafunzi hapa mjini na kule Maseno, kwa hiyo nitakueleza ninavyovijua.

Kwanza hakikisha vitasa vyako ni vya silinda yenye pini, mtindo ambao Linus Yale wa Marekani aliupa sura yake ya sasa katika karne ya 19. Vile vya levera, vyenye ufunguo wa shina refu la mviringo, hufuata kanuni nyingine.

Ndani ya silinda kuna kiini kinachozunguka, na matundu ambayo mara nyingi ni matano. Kila tundu lina pini ya chini na ya juu, zikisukumwa na springi. Meno ya ufunguo sahihi huziinua pini mpaka maungio yao yalingane na ukingo wa kiini, nacho kikazunguka. Ili ufunguo mkuu nao ukubalike, fundi huweka kipande chembamba cha shaba katikati ya pini hizo, na tundu hilo likawa na maungio mawili, moja la mpangaji na jingine la mwenye nyumba.

Tatizo ni kwamba silinda haijui maungio yapi ni ya nani. Ukiweka vipande katika matundu yote matano, kila tundu litakubali vimo viwili, na kitasa kitafunguka kwa michongo 32, ingawa wewe ulikusudia miwili tu. Mafundi wengi hujaza matundu yote kwa mazoea, jambo ambalo mimi silikubali kwa ploti ndogo. Ukitumia matundu mawili pekee, na katika kila moja ukachagua vimo vinne visivyo vya ufunguo mkuu, unapata funguo 16 tofauti, zinazotosha vyumba vyako na kubakiza akiba, huku kila kitasa kikikubali michongo minne tu. (Usimruhusu mtu akuuzie ngazi ya tatu, yaani ufunguo wa kila ghorofa, hiyo ni ya hospitali na majengo makubwa.)

Mpangaji akihama, fundi hubadilisha pini za matundu hayo mawili kwa namna ambayo ufunguo mkuu unaendelea kufanya kazi. Lakini ufunguo mkuu wenyewe ukipotea, silinda zote 12 zitafunguliwa na kupangwa upya, kwa gharama ya mwenye ploti. Kwa sababu hiyo usiuandike jina la ploti, usiutundike pamoja na funguo za geti, na ukiupeleka kuchongwa nakala, simama pale mpaka fundi amalize.