Ufa kwenye nyumba ya Mji Mkongwe: tafuta maji kwanza, saruji iache dukani

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeeleza kwamba nyumba ya marehemu bibi yenu pale Kiponda ina ufa ulioshuka kutoka dirisha la ghorofa ya juu mpaka juu ya mlango, sakafu ya chumba cha nyuma imebonyea, na fundi amewashauri mbandue plasta yote mpige ya simenti, boriti zing'olewe, imwagwe zege ya nondo, na kazi iishe kabla ya masika. Unauliza kama ushauri huo ni mzuri na kama kibali ni lazima. Ushauri si mzuri, na kibali ni lazima. Nimeshika mwiko na baadaye nimesimamia kazi kwenye nyumba za mawe za hapa Unguja kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakueleza kwa nini.

Kwanza ujue unachokikarabati. Ukuta wa nyumba hizi si tofali wala zege. Ni mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yamepangwa kwa udongo mwekundu na chokaa, unene wake nusu mita au zaidi, na katikati mara nyingi pamejazwa vipande tu. Ukuta wa namna hiyo unabeba mzigo vizuri sana ukishuka moja kwa moja. Ukiusukuma ubavuni, hauna nguvu. Na kwenye pembe, kuta mbili mara nyingi hazikufungana, zimeegemeana tu. Kinachozishika zisifunguke ni sakafu, yaani zile boriti za mkoko zilizoingia ukutani huku na huku. Ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu: upana haukuamuliwa na mwenye nyumba, uliamuliwa na urefu wa boriti, karibu mita tatu hivi.

Sasa fikiri boriti imeoza kichwa. Katikati ni nzima, ukiigonga inalia, lakini zile sentimita 20 au 30 zilizomo ndani ya ukuta zimekuwa unga. Sakafu inabonyea, na ukuta uliokuwa umeshikwa umeachwa peke yake, unaanza kutoka nje kidogo kidogo. Ufa wako na sakafu yako, kwa jinsi ulivyoeleza, naona ni ugonjwa mmoja. Kuziba ufa bila kugusa vichwa vya boriti ni kumpaka mgonjwa wa malaria poda.

Na kwa nini kichwa kimeoza? Maji. Kila mara ni maji, ndugu yangu. Chumvi, mchwa, mizizi ya miti inayoota ukutani, vyote vinafuata maji. Nenda juu ya paa kabla hujamlipa mtu yeyote senti. Tazama bati lililotoboka, gata iliyojaa majani, bomba la kushushia maji lililokatika katikati na kumwaga ukutani. Kisha ingia vyooni. Nyumba hizi hazikujengwa na bafu katika kila chumba cha ghorofani. Zimeongezwa baadaye, hasa zilipogeuzwa za wageni au zilipogawanywa kwa familia nyingi baada ya 1964. Bomba moja linalovuja polepole ndani ya sakafu linafanya uharibifu kuliko masika nzima, kwa sababu halina msimu wa kukauka. Na kama mmeweka tangi la plastiki la lita 1,000 juu, hiyo ni tani nzima ya maji imekaa sehemu moja juu ya boriti ambazo hazikuhesabiwa kwa ajili yake. Lishusheni wiki hii.

Tuje kwenye zege ya nondo. Chumba cha mita 3 kwa 6, zege ya unene wa sentimita 15, ni zaidi ya tani 6. Utaniambia sakafu ya kale nayo ni nzito, mawe madogo na chokaa iliyopondwa kwa siku kadhaa. Kweli, nayo ni nzito. Lakini uzito peke yake si tatizo kubwa la zege. Tatizo ni namna inavyokaa ukutani. Boriti inataka kitundu chake, halafu jiwe, halafu kitundu kingine. Zege inataka mfereji mrefu uchongwe ndani ya ukuta mzima, na ukuta wenyewe ni mawe yaliyolegea. Ukichonga mfereji huo umeukata ukuta karibu nusu ya unene wake kwa mstari mmoja ulionyooka, wakati ghorofa ya juu bado imeukalia. Hapo ndipo nyumba zinapowaangukia mafundi. Ikipona siku hiyo, inabaki sakafu ngumu kama mwamba katikati ya kuta laini, na kila kuta zinapojongea kidogo, kama zinavyojongea kila mwaka, zinapasuka hapo hapo kwenye mstari.

Kuna mzigo mwingine watu hawauoni. Kila kizazi sakafu ikivuja, kinamwaga safu nyingine ya simenti juu, kisha marumaru, kisha simenti tena. Nimeshafungua sakafu nikakuta kama keki ya harusi, safu juu ya safu. Kuondoa safu hizo mpaka kwenye chokaa ya asili mara nyingine kunatosha kuirudisha sakafu ipumzike. Ni kazi ya nyundo ndogo na karai, si ya mashine ya kutikisa.

Kwa utaratibu ningeanza hivi. Paa na mabomba kabla ya kitu chochote. Wakati huo huo sakafu iliyobonyea itegemezwe kwa mirunda, yaani nguzo za miti, kutoka chini, na mirunda ianzie ardhini, si kwenye sakafu ya ghorofa ya kwanza, maana utakuwa umeuhamisha mzigo tu kutoka chumba hiki kwenda kile. Chini ya kila mrunda weka ubao mpana. Kabari zipigwe taratibu, ziguse tu, zisiinue. Wapo wanaotaka kuirudisha sakafu ilipokuwa siku ya kwanza. Sakafu iliyoshuka kwa miaka 40 haipandi kwa asubuhi moja, na ukilazimisha utapasua ukuta wa juu.

Kuhusu ufa, bandika viraka vidogo vya jipsamu juu yake sehemu tatu nne, uandike tarehe kwa penseli. Kiraka kikikatika, ufa unaenda. Kikibaki kizima mvua mpaka mvua, ni ufa wa zamani uliotulia, na hapo hamu ya kuubomoa ukuta itapungua. Teremsha pia timazi, yaani uzi wenye uzito mwishoni, kutoka dirisha la juu upande wa nje, upime umbali wa uzi na ukuta juu, kati na chini. Namba hizo ziandike, mhandisi atazihitaji.

Boriti zenyewe zibadilishwe moja moja, au mbili kwa pamoja, kamwe si chumba kizima. Iliyooza kichwa tu si lazima itupwe. Inaweza kuungwa kipande kipya ubavuni au kukaa juu ya mbao nene inayopita kando ya ukuta na kushikwa na vipande vya mawe yaliyotokeza. Mikoko haikatwi kiholela, kukata kunataka kibali, kwa hiyo nunua kwa mwenye karatasi. Wengine hutumia mbao ngumu za bara. Mimi sina ugomvi nazo mradi zimekauka na vichwa vimepata hewa kidogo ukutani.

Ukuta ukishashikwa ndipo unashonwa. Kushona ni kutoa mawe yaliyovunjika kando ya ufa, kipande kwa kipande kuanzia chini, na kuingiza mawe marefu yanayovuka upande mmoja hadi mwingine kwa chokaa. Nafasi za ndani hujazwa uji wa chokaa kwa mipira midogo, nao pia unaanzia chini ili hewa itokee juu. Ukuta ukiwa umetoka nje sana, mhandisi anaweza kuamua upitishwe fimbo za chuma kisichoshika kutu kutoka ukuta hadi ukuta, na sahani za chuma nje. Hilo asiamue fundi peke yake, wala nisiamue mimi hapa bila kuiona nyumba.

Plasta ni ya mwisho, na hapa ndipo watu wanaharibu kazi nzuri. Mawe ya matumbawe yanafyonza unyevu kutoka ardhini na kwenye hewa ya bahari, na chumvi imo ndani yake. Chokaa inauacha unyevu utoke. Simenti inaufungia. Maji yakikosa njia yanapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya simenti, na baada ya misimu michache plasta inadondoka vipande vikubwa ikiwa imeng'ang'ania uso wa jiwe. Rangi ya plastiki inafanya hivyo hivyo, polepole kidogo. Tumia chokaa iliyoroweshwa shimoni muda mrefu, kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika, kwa mchanga uliooshwa usio wa pwani, sehemu moja kwa tatu. Safu ziwe nyembamba. Chokaa haikauki kama simenti. Inashika kwa kuvuta hewa ukaa, na inahitaji unyevu wakati inavuta. Kwa hiyo tundika magunia yaliyoloana, nyunyiza maji asubuhi na jioni, na usikubali fundi amalize ukuta kwa siku moja. Kazi hii inakwenda vizuri masika yakishaisha. Fundi anayetaka kuimaliza kabla ya masika anafikiria malipo yake.

Kuhusu kibali: Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, mpango wake wa uhifadhi ni wa 1994, na tangu 2000 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Huruhusiwi kubadilisha muundo, madirisha, hata mlango, bila kupita kwao. Watu wanawaogopa kama polisi. Nenda kwao mapema, wakati bado hujagusa kitu, ukiwa na picha na zile namba za timazi. Wana mafundi na wahandisi wanaozijua nyumba hizi, na ushauri wanaokupa kabla ya kazi ni bora kuliko amri ya kusimamisha kazi katikati, paa likiwa wazi. Hakikisheni pia hati: kama nyumba ni ya wakfu, mtakuwa na ofisi ya pili ya kwenda, Kamisheni ya Wakfu, na warithi wote waweke saini kabla ya mmoja wenu kuanza kugawa vyumba.

Na msichukulie kwamba hatari inaisha ukarabati unapoanza. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, la Sultani Sayyid Barghash la 1883, sehemu yake ilianguka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, upande wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walifariki. Jengo la kale linapofunguliwa, mizigo inahama, na ndiyo maana nasisitiza mirunda kwanza. Kwa upande wa pili, ukitaka kuona kazi iliyofanywa kwa subira, nenda Malindi mbele ya bandari uitazame ile Dispensari ya Kale aliyoianzisha mfanyabiashara Tharia Topan. Miaka ya 1990 shirika la Aga Khan liliikarabati, nakshi zake na baraza zake za mbao zipo. Simama chini uangalie maji ya paa yanavyoshushwa.

Kama pesa ni kidogo, na najua ni kidogo, fanyeni paa, gata, mabomba na mirunda mwaka huu, mengine yasubiri. Nyumba kavu iliyotegemezwa inaweza kusubiri miaka. Plasta mbaya haimuui mtu.

Isipokuwa mkiona mambo haya: milango iliyokuwa ikifunga vizuri imeanza kukwama ghafla, vumbi jipya linadondoka chini ya boriti kila asubuhi, au mnasikia mlio wa kukatika usiku. Hapo waliomo watoke siku hiyo hiyo, na jirani wa ukuta wa pamoja aambiwe. Hujasema kama upande wa ufa mnapakana na nyumba nyingine au ni uchochoro. Nijibu hilo, na ukipata nafasi weka picha ya chini ya sakafu, pale boriti zinapoingia ukutani, usinipigie picha ya ufa peke yake.