Keki ya mtama na karanga: kipande kimoja kina nini?

Anayetaka kupunguza nguvu (kilokalori) za keki kwa kawaida huanza na sukari. Kwenye keki hii angeanza na mafuta.

Vipimo vya vipande 12: unga wa mtama gramu 150, unga wa ngano gramu 150, sukari gramu 120, karanga zilizokaangwa na kutwangwa gramu 60, zabibu kavu gramu 60, mayai 3, mtindi mililita 150, mafuta ya alizeti mililita 120, beking pauda vijiko 2 vya chai, chumvi kidogo. Jumla ni takriban kilokalori 3,300, kipande kimoja kama 280, na protini gramu 5 hadi 6. Mafuta peke yake yanachangia karibu 970. Ukipunguza sukari kwa gramu 40, kila kipande kinapungua kilokalori 13 tu. Ukipunguza mafuta kwa mililita 40, zinapungua 27. Fidia kwa vijiko vitatu vya chakula vya mtindi, na usishuke zaidi ya hapo, keki itakauka.

Mtama hauna gluteni, protini ya ngano inayoushika unga, hivyo ukiutumia wenyewe keki inamomonyoka. Loweka unga wake kwenye mtindi nusu saa kabla ya kuchanganya, la sivyo utatafuna chenga. Chagua mtama mweupe, kama aina ya macia, kwa kuwa mwekundu mara nyingi huacha ukakasi. Na usagishe bila kukoboa: ukikoboa, nyuzinyuzi na madini mengi yanabaki mashineni.

Madini ya chuma ya mtama hayafyonzwi kirahisi. Vitamini C husaidia, ndiyo maana wapo wanaotia unga wa ubuyu kwenye keki. Lakini joto la jiko huiharibu vitamini hiyo kwa kiasi kikubwa. Koroga ubuyu kwenye maji, unywe pembeni (si ule wa pipi nyekundu). Chai ya rangi isubiri saa moja hivi, maana nayo huzuia chuma.

Jiko la mkaa: makaa mengi juu ya mfuniko, machache chini, dakika 40 hadi 45. Ukigeuza mpangilio huo wa makaa, chini kunaungua katikati kukiwa kubichi.

Karanga zichambue kabla ya kukaanga. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu tupa, wala usiwape kuku. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, haiondolewi na moto wa keki, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi.