Kwa mnaoanza kutengeneza programu za kufundishia nukta nundu

Wadogo zangu mnaosomea kompyuta hapa Mbeya, wengi mnakuja na wazo zuri, ila cha kwanza kunionyesha ni rangi za skrini. Anzieni kwenye kibodi. Nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole, hujenga kila herufi kutoka kwenye nukta sita zenye namba. Huandikwa kwa vitufe kadhaa vinavyobonyezwa kwa mpigo mmoja, kama kwenye Perkins, mashine ya kuchapia nukta nundu. Kwenye kibodi ya kawaida, F, D na S huwa nukta 1, 2 na 3. J, K na L huwa 4, 5 na 6. Kwa hiyo "d", yenye nukta 1, 4 na 5, ni F, J na K.

Kasheshe iko kwenye huo mpigo mmoja. Vidole vya mtoto havitui sawasawa: F inatangulia, K inachelewa. Programu ikikimbilia kutoa jibu F inapoguswa tu, mtoto anasikia "a", anadhani kakosea yeye. Kusanyeni vitufe vyote, subirini cha mwisho kiachiwe, ndipo mtamke herufi. Wala msimwekee muda mfupi. Asubuhi ya Julai huku kwetu, sembuse Makete kwenye baridi kali, vidole vinakufa ganzi. Na kabla hamjalaumu msimbo wa programu yenu, pimeni kibodi: nyingi za bei rahisi hazipokei vitufe vinne, vitano kwa pamoja.

Mpangilio wa masomo msiuchukue kwenye vitabu vya Kiingereza. Anzeni na a, k, u. "A" ni nukta 1. Ongeza nukta 3 upate "k". Ongeza 6 upate "u". Somo la kwanza tu, mtoto ameshaandika kaka na kuku! Lakini "e" (1, 5) na "i" (2, 4) zitenganisheni mbali. Kila moja ni kama nyenzake kwenye kioo, na Kiswahili kimejaa zote mbili.

Sauti isiwaumize kichwa: NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti, ni ya bure, inakuja na eSpeak NG, sauti ya kompyuta inayosoma Kiswahili, na haihitaji intaneti. Wenye uoni hafifu, wakiwemo wengi wenye ualbino, wapeni herufi kubwa na uhuru wa kuchagua rangi.

Ila programu inafundisha kuandika tu. Kusoma ni kazi ya kidole, kwa hiyo kila somo liwe na karatasi yake yenye nundu, na mwalimu asiyeona aikague kabla ya mtoto kuipata. Siku ya majaribio zimeni skrini, ninyi wenyewe msimwelekeze mtu kwa mdomo.