Maswali kwa Mama: Nibaki na saruji au nichukue fomu?

SWALI: Shikamoo Mama. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Makambako, huu mwaka wa 14. Wazee wa mtaa na vijana wa bodaboda wananisukuma nigombee ubunge. Mke wangu hataki hata kusikia. Duka litasimama kweli nikiwa Dodoma?
Muuza Saruji

JIBU: Marahaba mwanangu. Marehemu mume wangu alikuwa na duka kama lako, akaingia bungeni mwaka 1995. Zamani asingethubutu: Azimio la Arusha la 1967 lilitaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiye na hisa wala nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, ndipo wenye maduka wakaanza kuitazama Dodoma.

Duka nilibaki nalo mimi. Hatukuibiwa. Lililotumaliza ni daftari la madeni, lile kubwa la jalada jeusi. Kulikuwa na mwalimu aliyekopa mabati 12, kila mwisho wa mwezi analeta chake bila kukumbushwa. Mheshimiwa alipoapishwa tu, mwalimu akaanza kupita njia ya nyuma. Nikamtuma kijana, akarudi na jibu: "Si tumempa kura?" Wengine wakafuata mkumbo. Na alfajiri barazani kumejaa: huyu ada, yule sanda, vijana jezi. Habari ya bomba la maji hakuna aliyeileta, na hiyo ndiyo kazi aliyotumwa. Nilipomwambia hivyo alinuna siku mbili.

Kampeni ya 2000 sheria iliruhusu takrima, yaani kuwakirimu wapiga kura, tukagawa khanga na soda kwa pesa ya mtaji. Mahakama Kuu iliifuta mwaka 2006, na tangu 2010 ipo Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwa hiyo ukinong'onezwa kwamba wajumbe wanangoja "chochote" kabla ya kura za maoni, huo ni mtego, hata kama anayenong'ona ni binamu yako. Na usidhani utasimama peke yako. Mgombea binafsi kwetu haruhusiwi, lazima chama kikuteue.

Sasa hesabu miezi. Bunge la bajeti ni Aprili mpaka mwisho wa Juni. Huko kwenu ndipo mvua zinakata, watu wanafyatua tofali na kutafuta saruji. Msimu wako mnono utakuwa umekaa ukumbini unasikiliza hotuba.

Mkeo umemwuliza nani atakaa kaunta miezi hiyo? Mimi sikuulizwa. Kama ni yeye, mpangieni mshahara kabisa, na neno la kukopesha liwe lake, si la Mheshimiwa kwa simu kutoka Dodoma. Madeni yote kusanya kabla hujachukua fomu. Letu daftari bado liko chini ya kitanda, na ule ukurasa wa mabati 12 haujakatwa mstari.