Excel inasema wahamiaji watafika milioni mbili, tuiamini?

SWALI: Mambo vipi, mi nakaa Leicester huku Uingereza, kwenye grupu letu la WhatsApp kuna jamaa kachukua namba za wahamiaji za 2012 mpaka 2023 kazitia kwenye Excel kavuta mstari, anasema kufika 2035 itakuwa milioni mbili kwa mwaka. Watu wameshapaniki eti mipaka itafungwa. Hesabu hiyo inasimama kweli?

JIBU: Poa kaka. Excel hata ukiipa namba za bahati nasibu itakuvutia mstari, haikuulizi kitu. Wasomi wenyewe walishateleza hapohapo kwenu: 2003 serikali iliwapa kazi wachumi wakiongozwa na Profesa Christian Dustmann wakadirie wangapi watakuja kutoka Poland na wenzake wakishaingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, wakapiga hesabu kwa data za nyuma wakapata 5,000 mpaka 13,000 kwa mwaka, ukishatoa wanaorudi. Ila hesabu ilichukulia Ujerumani nayo itafungua ajira, na Ujerumani ikabana mpaka 2011, sasa watu waende wapi? Sensa ya 2001 waliozaliwa Poland walikuwa kama 58,000 England na Wales, ya 2011 ikakuta 579,000.

Sasa mcheki jamaa yako, mstari wake unaishia 2023, yaani kileleni kabisa. Pale kulikuwa na Waukraine waliokimbia vita, watu wa Hong Kong, wanafunzi waliokuja na familia, na viza za kea (kazi ya kutunza wazee na wagonjwa) zilizofunguliwa 2022 ambazo nadhani hapo grupuni wapo waliopita nazo. Mwaka 2024 wanafunzi wengi wakakatazwa kuleta familia, watu wa kea nao vilevile, namba zikaporomoka. Halafu mwanafunzi aliyeingia 2022 akimaliza mara nyingi anaondoka, kwa hiyo wakijaa leo ujue miaka miwili mitatu mbele wanaotoka nao wataongezeka, mstari haulioni hilo.

Na hizo namba zenyewe hazitulii! Ya mwaka ulioishia Juni 2023 (wanaoingia ukitoa wanaotoka) ilitangazwa 672,000, baadaye wakaisahihisha ikawa 906,000.

Mi ningegawa kwa aina ya viza, kila kundi peke yake, niangalie sheria gani imebadilika. Jamaa kama anaona uvivu basi afute 2022 na 2023 avute mstari upya, halafu awatumie hapo grupuni picha zote mbili.