Kabla hujachoma bandama sindano

Wadogo zangu mnaoanza radiolojia, upande wa kushoto wa tumbo mnaupita haraka mno kwenye ultrasound. Mnapima urefu, mnaandika "bandama imevimba", basi. Kwa mtu mzima, ikizidi sentimita 13 kwa kawaida imevimba kweli, ingawa mtu mrefu sana anaweza kufika hapo bila ugonjwa. Daktari wa wodi anataka kujua imevimbishwa na nini.

Mgonjwa akitoka kandokando ya Ziwa Victoria, rudi kwenye ini. Makovu meupe yanayoizunguka mishipa yake yanaashiria kichocho. Mwenye VVU na homa za muda mrefu, chukua probu (kifaa cha ultrasound kinachopitishwa juu ya ngozi) ya masafa ya juu: vidoa vidogo vyeusi vilivyotapakaa ndani ya bandama vinakupa sababu nzito ya kushuku kifua kikuu, na mara nyingi matibabu huanza bila sindano yoyote ya kuchukua sampuli. Mtoto wa selimundu ambaye bandama imevimba ghafla, piga simu wodini kwanza, ripoti utaandika baadaye.

Kuna mitego. Kwa watu wengine sehemu ya kushoto ya ini ni ndefu hadi inaifunika bandama, ikaonekana kama damu iliyovilia. Mwambie mgonjwa avute pumzi uone kama sehemu hiyo inateleza juu ya bandama. Damu iliyo chini ya ganda la bandama haitelezi. Kwenye CT, picha za mapema baada ya dawa ya kuonyesha mishipa huichora bandama milia kama pundamilia. Angalia za sekunde ya 70 hivi kabla ya kuandika uvimbe.

Wakubwa walitufundisha kwamba bandama haichomwi sindano ya kuchukua sampuli. Huchomwa, ila kwa sindano ya geji 18 au nyembamba zaidi, chembe sahani (zinazogandisha damu) zisipungue 50,000 kwa mikrolita, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) isizidi 1.5, na daktari wa upasuaji awe na habari. Uvimbe wa maji kwa mfugaji wa Turkana usiuguse kabla ya kuondoa shaka ya minyoo ya mbwa. Maji yake yakimwagika tumboni yanaweza kuua.

Washa Dopla (inayoonyesha damu inavyotiririka), kaa mbali na lango la mishipa, pale inapoingilia bandama, na upite chini ya pafu. Sindano ikiwa ndani mgonjwa asipumue, kwa sababu bandama ikisogea ganda linachanika. Mzoezeshe kabla, kwa lugha anayoielewa, tena na tena. Halafu apumzike kitandani, mapigo na presha vipimwe mara kwa mara. Akilalamika bega la kushoto linauma, usimpe dawa ya maumivu ukaondoka: rudisha probu tumboni, tafuta damu.